Mchezo wa Saba Ambao Hatukuuona

Mke wangu aliamini kwamba fainali za mpira wa kikapu za Marekani hupangwa. Aliliamini jambo hilo bila hasira yoyote. Mimi niliamini kwamba hazipangwi, na tulibishana kila Juni kwa miaka yote tuliyokaa pamoja Kharumwa. Mwaka wa mwisho ubishi huo ndio ulioamua kama atafika kwao Kishapu kuiona ngoma mara moja zaidi, au atabaki ndani kama daktari alivyotaka. Sasa sina wa kubishana naye. Nimeona niandike ulivyokuwa, kabla maneno yake hayajaanza kunichanganyikia.

Ninalo banda la kuonyesha mpira, lile ambalo watu huliita kibanda umiza, na kwa mabenchi yangu jina hilo ni la haki kabisa. Mabati juu, mabati ubavuni, na pazia la kanga nzito mlangoni ili mwanga usiharibu picha. Nimesoma mpaka darasa la saba. Yeye alifika kidato cha nne kwa masista upande wa Ushirombo, na huko ndiko alikojifunza kikapu, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wasichana wote na sista mmoja alimwambia kwamba urefu ule haukuumbwa kwa ajili ya kuangua mapapai tu.

Banda langu liliishi kwa soka na linaishi kwa soka hadi leo. Lakini Juni ligi zikifungwa, benchi hubaki tupu, na ndipo mke wangu aliponiomba tuonyeshe kikapu. Mechi zenyewe huchezwa wakati sisi tumelala. Kituo huzirudia saa kumi jioni, na marudio hayo ndiyo tuliyoonyesha. Mara ya kwanza walikuja watu wanne wa karasha, wale wanaosaga mawe ya dhahabu, wameingia kutafuta kivuli tu, nyuso nyeupe kwa vumbi. Mke wangu alisimama kando ya runinga na ufagio wa chelewa mkononi, akawaonyesha kwa mpini wa ufagio: huu mstari maana yake nini, yule refa kanyoosha mkono kwa nini, kwa nini kikapu cha mbali kinahesabiwa tatu. Mwaka uliofuata walijaza benchi mbili. Baadaye wakawa wanasimama hadi nje ya pazia, na wote walimwita Kocha. Mwanaume mwenye ndevu alikuwa anaingia, anainama kidogo, anasema shikamoo Kocha, naye anaitikia marahaba bila kutoa macho kwenye picha.

Tulikuwa na sheria moja. Aliyeyaona matokeo kwenye simu asubuhi anayafunga mdomoni mpaka jioni. Atakayeropoka anapewa ufagio ule ule na kufagia banda zima huku wenzake wamekaa wakimwinulia miguu. Nimeona watu wazima wakifagia. Sheria hiyo iliheshimiwa kuliko nyingine zote nilizowahi kuweka, ikiwamo ile ya kutovuta sigara ndani.

Tuhuma za kupangwa zililetwa na fundi mmoja wa karasha, mtu mwembamba, mbishi, ambaye alikuwa hawezi kununua nyanya bila kuuliza nani anafaidika. Katika fainali ya mwaka huo, timu moja ilishinda michezo mitatu ya mwanzo, na bingwa hupatikana kwa kushinda minne kati ya saba. Wa nne ikafungwa. Fundi akasimama akauliza ukumbi mzima ni mwenye duka gani mwenye akili atakayefunga duka siku ya nne wakati anaweza kuuza siku saba. Alisema runinga zinauza matangazo ya biashara, kila mchezo una matangazo yake, kwa hiyo marefa huambiwa mapema filimbi ipulizwe wapi. Mwingine akaongeza kwamba timu ya mji mkubwa hubebwa kila mara kwa sababu mji mkubwa una runinga nyingi. Mwingine akasema mchezaji mzee anayetaka kustaafu lazima apewe kombe, watu walie, wasiondoke kwenye kiti. Kuanzia siku hiyo filimbi ikilia tu, benchi la nyuma linaitikia kwa pamoja: imepangwa.

Niliwapinga. Nilisema watu wale wanakimbia kwa kasi kubwa, na refa ana macho mawili kama sisi. Fundi akanicheka, akasema mzee anamtetea mfanyabiashara mwenzake, akaniuliza kama mimi ningekataa nikiletewa michezo saba badala ya minne. Nilifikiri kidogo, nikamwambia nisingekataa. Banda zima lilicheka, na mke wangu alicheka zaidi ya wote.

Yeye alikuwa upande wao, ila kwa sababu yake mwenyewe. Baba yake alikuwa kiongozi wa ngoma huko Kishapu, na kwetu mashindano ya ngoma hayana refa. Baada ya mavuno makundi mawili hukutana uwanja mmoja, yanapiga na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu wanakwenda wanakotaka. Kundi litakalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Jioni ikifika kila mtu anaona kwa macho, wala hakuna wa kutangaza. Kwa hiyo kiongozi wa ngoma kazi yake kubwa ni kuwavuta watu. Wapo waliotumia dawa, wapo waliocheza na chatu shingoni. Baba mkwe alikuwa na mtu wa mbao aliyeweza kutikisa kichwa kwa kamba iliyofichwa, na alimweka ndani ya gunia mpaka aone watu wameanza kuelekea upande wa pili. Mke wangu, akiwa msichana mdogo, alipewa kazi ya kukimbia katikati ya uwanja akipiga vigelegele na kuelekeza kidole upande wa baba yake, kana kwamba kuna jambo kubwa limetokea huko. Alikuwa na miguu mirefu. Watu walimfuata.

Ndiyo maana tuhuma zile hazikumuumiza. Watu wa karasha waliona kwamba kama mchezo umepangwa, wamedanganywa. Yeye aliona kwamba kama umepangwa kwa ajili ya watazamaji, basi anayewavuta watu anafanya kazi yake. Nilikuwa namwambia kikapu si ngoma, kikapu kinahesabu magoli. Ananijibu kwamba magoli ni yao, watu ni wa nani. Tuliweza kubishana hivyo kuanzia kufunga banda hadi ugali uive, na ulipoiva tukaendelea tukila.

Mwaka ule wa mwisho moyo wake ulikuwa umetanuka. Daktari alituonyesha picha yake, akasema apumzike, asibebe kitu, asisafiri mbali kwenye barabara mbaya, na asikae kwenye makelele. Miguu yake ilivimba hata viatu vyake vya kanisani vikawa havimuingii. Nilimwekea kiti cha plastiki cha bluu mbele kabisa bandani, chenye mikono, na nikawaomba watu wapunguze sauti, nao wakapunguza. Fundi wa karasha alikuwa akisema imepangwa kwa kunong'ona, na hapo ndipo nilipojua kwamba watu wote wameuona ugonjwa.

Mwezi ule ule walipiga simu kutoka Kishapu. Kundi la marehemu baba yake lingecheza na wapinzani wao wa siku zote, na waliomba binti wa mzee aje. Akaniambia anataka kwenda. Nikamkumbusha daktari. Akaniambia tena kesho yake, na kesho yake tena, bila kugombana, kama mtu anayerudisha chombo mahali pake. Mimi nilisema hapana, na niliisema kwa upole, lakini ilikuwa hapana.

Fainali zilikuwa zimeanza. Timu ya mji mdogo ilikuwa imeshinda michezo mitatu, timu ya mji mkubwa mmoja. Wa tano ulikuwa unakuja, na kila mtu aliyejua kikapu alijua kwamba mji mkubwa umechoka. Jioni tukiwa tumekaa nje, akaniuliza kama bado naamini hawapangi. Nikamwambia naamini.

"Basi tuwekeane," akasema. "Ikifika mchezo wa saba, unanipeleka Kishapu. Isipofika, sitakutajia Kishapu tena."

Nilikubali. Niseme kweli kwa nini nilikubali: niliona ni njia rahisi ya kumaliza ile habari bila mimi kuwa mtu wa kumkatalia. Niliona mji mdogo utamaliza kazi siku ya tano na wao ndio watakaomkatalia.

Mchezo wa tano mji mkubwa ulishinda, na haukushinda kwa shida. Benchi la nyuma lilinong'ona neno lao. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha bluu, hakugeuka kunitazama, lakini niliona mabega yake yakicheka.

Siku ya mchezo wa sita niliikwepa kila simu ya Kharumwa. Nilipita nyuma ya soko ili nisikutane na vijana wa bodaboda. Saa kumi banda lilijaa, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimelijua: wote walikuwa wanajua makubaliano yetu. Aliwaambia yeye. Watu walioona miaka yote kwamba kupangwa ni wizi, siku ile walikuwa wamekaa wakiomba mji mkubwa ushinde ili Kocha aende kwao. Fundi alikuwa ameacha karasha lake likiwaka kwa mtu mwingine.

Mchezo ulikwenda bega kwa bega hadi mwisho. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mji mdogo ulikuwa mbele kwa pointi moja. Mchezaji wa mji mkubwa aliruka kutupa, mpira ukagonga chuma ukatoka, na mimi nikavuta pumzi nikijua imeisha. Ndipo filimbi ikalia. Refa alisema ameguswa mkono. Akapewa mitupo miwili ya adhabu, akaingiza yote miwili, na mchezo ukaenda wa saba.

Hakuna aliyesema imepangwa. Benchi la nyuma lote lilikuwa linanitazama mimi. Mke wangu aligeuka taratibu, mkono mmoja juu ya mkono wa kiti.

"Wewe ndiye mtetezi wa marefa," akaniambia. "Sema mbele ya watu. Umeona faulo, au hukuiona?"

Ningeweza kusema nimeiona. Ningebaki na msimamo wangu wa miaka yote, na kwa makubaliano yetu isingebadilisha kitu, maana saba ilikuwa saba. Lakini sikuwa nimeiona.

"Sikuiona," nikasema.

Fundi akapiga makofi mara moja tu, akajizuia. Mke wangu akasema wabeja sana, akasema tena kwa Kiswahili kwamba ananishukuru, na akaanza kuuliza nani ana gari lenye springi nzuri.

Tulipata gari la mtu anayepeleka mchele Kahama. Kiti cha nyuma tulikitandika godoro, na kile kiti cha bluu tulikifunga juu ya keria ya gari, kwa sababu alikataa kukaa kwenye viti vya watu asivyovijua. Daktari nilimwambia. Sikutaka kwenda kwa kuiba. Aliniandikia vidonge na akanieleza niangalie nini. Dereva alikwenda polepole kwenye vipande vya vumbi, na kila shimo lilipokuja mke wangu alimwambia mapema lilipo, kwa sababu aliijua barabara ile kuliko yeye. Baada ya Shinyanga aliacha kumtajia mashimo. Alikuwa anatazama pamba. Ilikuwa bado shambani sehemu nyingine, nyeupe, na watu wameinama wakichuma.

Uwanja wa ngoma ulikuwa mkavu na mpana, karibu na mnada wa ng'ombe. Nilimkalisha ukingoni, kivulini kwa gari, mbali na vumbi. Makundi yote mawili yalikuwa yameshaanza. Sijui ngoma kama yeye, lakini hata mimi niliona kwamba upande wa baba yake unapoteza. Wapinzani walikuwa na vijana wanaorusha majembe juu na kuyadaka huku wakizunguka, na watu walikuwa wanavuka uwanja kwenda kwao, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa familia. Wapigaji wa upande wetu walikuwa wazee, wanapiga vizuri, wanatoka jasho, na mbele yao palikuwa na nafasi tupu inayozidi kupanuka.

Mke wangu alitazama hivyo kwa muda. Halafu akasema, "Baba watoto, kibebe kiti. Kiweke pale katikati, mbele ya ngoma."

Nikamwambia vumbi. Akasema analiona. Nikamwambia kelele. Akasema ndizo zilizomleta.

Nilikwenda na kiti, yeye akinishika bega, tukitembea kama watu wanaosindikiza bibi harusi. Wazee wa ngoma walimtambua tulipokuwa bado mbali, na mmoja wao aliita jina la baba yake ndani ya wimbo. Alikaa. Alivuta pumzi mara kadhaa. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, akasimama, mrefu vile vile alivyokuwa, na akapiga kigelegele.

Sikujua kwamba bado anacho. Kilikuwa kirefu na chembamba, na kilikatika mwishoni kwa sababu ya pumzi, lakini watu wa upande wa pili waligeuka. Akanyoosha kidole kuonyesha ngoma ya baba yake, kana kwamba kuna jambo kubwa limetokea pale. Mwanamke mmoja wa makamo alipiga kelele upande wa pili kwamba yule ni binti wa fulani, yule wa miguu mirefu, anaumwa, amekuja kutoka Kharumwa. Akavuka. Wakavuka wa rika lake. Wakaja wanawake wengine kumpa mkono, wakaja watoto kuona watu wanaangalia nini, wakaja wanaume kuona wake zao wamekwenda wapi. Ile nafasi tupu ikajaa, na wapigaji wazee walipoona hivyo sijui nguvu walizitoa wapi.

Jioni hakuna aliyehitaji kutangaza. Alikuwa amerudi kwenye kiti, midomo imepoteza rangi, nikimpepea kwa kofia. Aliniashiria niiname.

"Ndivyo tunavyopanga," akanong'ona. "Sasa niambie, nani ameibiwa?"

Nilimwambia nitamjibu tukifika nyumbani, naye akasema sawa, atasubiri.

Mchezo wa saba ulikuwa umechezwa tukiwa Kishapu. Tuliporudi Kharumwa, watu wa banda walituambia wamekataa kuuangalia bila Kocha. Mmoja aliurekodi kwenye flashi, nayo ikawekwa ndani ya kikombe cha bati cha mke wangu juu ya kabati. Mke wangu alisema tutauangalia akipata nguvu. Hakupata. Alikufa pamba ikiwa bado inauzwa, alasiri, nyumbani, mimi na dada yake tukiwa tumekaa naye.

Matangani wanaume walikaa nje kwenye mikeka, na siku ya pili, kama inavyokuwa, maneno ya kawaida yakaanza kurudi. Nilikuwa natoka ndani nikawasikia wanabishana kwa sauti ya chini. Fundi, ambaye kumbe alikuwa ameshautazama kwenye simu yake, alikuwa anasema kwamba mchezo wa saba ndio uliothibitisha kila kitu, kwamba mtu akiutazama vizuri anaona kabisa, ukiangalia jinsi yule aliyechukua kombe alivyo... Akaniona, akafunga mdomo. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yake alimwambia taratibu, "Umebakiza kidogo ufagie." Wakacheka, wakaogopa kwamba wamecheka, wakanitazama. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipofariki.

Mpaka leo sijui nani alishinda. Si vigumu kama watu wanavyodhani. Kharumwa ni watu wa soka, na wale wachache wanaojua wanaishika sheria. Siku moja abiria mmoja kituoni alivaa fulana yenye maandishi ya ubingwa, nikageukia ukutani mpaka gari lao likaondoka.

Ule wa sita, hata hivyo, nimeurudia. Nao ulikuwa umerekodiwa. Niliuangalia peke yangu mchana, nikausimamisha pale filimbi inapolia, nikaurudisha nyuma, nikautazama kutoka kamera ya upande wa pili. Mkono upo. Vidole vya mlinzi vinagusa kiwiko cha mtupaji kabla mpira haujamtoka, na mpira unakwenda pembeni kwa sababu hiyo. Refa aliona kitu ambacho mimi sikukiona. Kwa filimbi ile moja, basi, mimi ndiye niliyekuwa sahihi, na nilisema mbele ya watu kinyume chake kwa sababu ndicho macho yangu yalichoniambia. Nilikaa nikaizima runinga. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi kumshinda kwenye ubishi ule, na mtu wa kumwambia alikuwa hayupo.

Benchi la nyuma sijawaambia. Juni imefika tena, timu nyingine mbili zinacheza, filimbi ikilia wanasema imepangwa, tena kwa sauti kubwa, maana hakuna mgonjwa bandani. Nawajibu kwamba refa ana macho mawili. Mbele kabisa pale palipokuwa na kiti hakuna anayekaa, wanabanana pembeni.

Wiki iliyopita walipiga simu kutoka Kishapu. Ngoma ni mwisho wa mwezi, wapinzani ni wale wale, na safari hii inasemekana wanakuja na fisi aliyefugwa. Waliniuliza kama nitakuja, nikasema nitakuja. Mzee wa ngoma akaniomba, kama sitaona vibaya, nije na kile kiti cha bluu, wakiweke mbele kikiwa tupu, kwa sababu watu bado wanakiulizia.

Nilielewa mara moja anapanga nini. Nilikiosha jana kwa sabuni, nikakikausha juani. Nimeshaongea na yule mwenye gari la mchele, na safari hii tutakifunga kwa kamba mbili.